Kabla hujabonyeza "tuma": maswali yenu, majibu yangu

Meseji zimejaa, na nusu yake ni swali lile lile limebadilisha nguo tu. Nimechagua haya. Kama lako halimo, kuna uwezekano nimeshalijibu mara tatu, rudi nyuma usome kwanza.

Dada naomba mbinu ya kutosikia stresi kabisa, nimechoka.

Haipo. Asiye na stresi kabisa keshazikwa. Twende.

Dada shikamoo. Kaka yangu alinitumia meseji saa tano usiku eti simjali mama, yeye ndo anabeba kila kitu. Nikamjibu hapo hapo, nikamwandikia mpaka mambo ya miaka kumi nyuma. Sasa mwezi wa pili hatuongei. Nimpigie au nisubiri apoe?

Marahaba. Mpigie, tena leo, na usianze na "lakini na wewe". Hilo limeisha.

Sasa nikuulize kilichofanya nilichague swali lako. Ile saa tano usiku mwili wako ulikuwaje? Ngoja nibashiri: umelala, simu inakumulika usoni, mdomo umekauka ghafla, mabega yamepanda yanataka kugusa masikio, moyo unadunda mpaka unausikia kwenye mto, na kidole gumba kinakimbia kuliko akili. Hiyo ni adrenalini mdogo wangu, homoni ya dharura ya mwili. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, alishayaeleza haya tangu 1915, kwamba mwili ukihisi hatari unajiandaa kupigana au kukimbia, damu inapelekwa kwenye misuli, tumbo linasimamisha shughuli zake. Mpango mzuri sana huo kama mbele yako kuna simba. Mbele yako kulikuwa na meseji ya mtu aliyechoka. Mwili haukuona tofauti, na we hukuupa muda wa kuiona.

Watu mnadhani kutulia maana yake ni kutokasirika, na hapo ndo mnapokwama. Kasirika bwana, nani kakukataza, ila mikono ikae. Hasira iko kifuani, simu iko chumba kingine, mpaka hapo hakuna aliyeumia. Vuta pumzi kwa pua alafu itoe taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ni pale unapotoa pumzi ndo moyo unapunguza mbio, ukifika kama pumzi sita kwa dakika inatosha, na asinitumie mtu meseji kuuliza kama saba ni vibaya. Ukitaka kuandika, andika, lakini kwenye karatasi. Siyo pale pale kwenye chati eti "nitafuta". Mimi niliandika hivyo kwenye grupu la familia, kidole kikateleza, nikafuta haijaisha dakika, na watu wanne walikuwa wameshasoma, mmoja kapiga skrinshoti. Miaka sita hii, bado nakumbushwa kila tukikutana.

Na ambalo hukuuliza: inawezekana kaka yako alikuwa na hoja. Isome tena ile meseji kama vile kaandikiwa mtu mwingine, uone.

Rafiki kaniambia nikikasirika nipige mto ngumi mpaka hasira iishe. Inasaidia?

Haiishi, unaipigisha mazoezi. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman alichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliudhiwa makusudi kwa kupondewa insha zao, alafu baadhi wakapewa begi la ndondi walipige huku wakimfikiria aliyewaponda, na wengine wakakaa kimya dakika mbili, basi. Waliopiga ndo walitoka wamewaka zaidi. Ulalie huo mto.

Silali kwa ajili ya mawazo, naskroli mpaka saa tisa usiku. Tatizo langu ni nini?

Umelitaja mwenyewe katikati ya swali.

Nimepoteza kazi. Najikaza nisiwaze lakini mawazo yanarudi, hata nikiwa naoga. Nifanyeje yasirudi?

Pole sana, na naomba uache hiyo kazi ya pili uliyojipa, ya kulinda mlango. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasifikirie dubu mweupe, na wazo hilo likiwajia wagonge kengele. Kengele ziligongwa kweli kweli. Na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria huyo dubu, walimfikiria kuliko wenzao ambao hawakuwa wamekatazwa mwanzo. Kwa hiyo kila unapojiambia "usiwaze kazi" unaiita kwa jina lake.

Fanya hivi. Wazo likija ukiwa bafuni, liite lilivyo, kimoyomoyo: hii ni hofu ya hela. Hii ni aibu, nitawaambia nini watu. Hii ni hasira kwa bosi. Angalia limekaa wapi, kooni, tumboni, kwenye taya ulizozikaza bila kujua. Alafu rudi kwenye sabuni, harufu yake, povu, maji yanapopiga mgongo. Litarudi tena. Na wewe utarudi tena kwenye sabuni, mara ishirini kama ni ishirini, na huko kurudi ndo zoezi lenyewe, siyo kwamba umeshindwa. Hili la kuita jina siyo porojo, kuna utafiti wa 2007 wa Matthew Lieberman na wenzake, watu wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ya ubongo walipotaja hisia iliyo kwenye sura waliyoonyeshwa, amigdala, yaani ile sehemu inayopiga king'ora, ilipoa.

Ila wale wanaokuuzia "futa mawazo hasi kwa siku saba" kaa nao mbali, hasa sasa hivi ambapo huna mshahara. Na zikipita wiki mbili huli vizuri, hulali, hakuna kinachokuvutia tena, nenda kwa daktari au mshauri, siyo kwangu. Yakikujia mawazo ya kufa, mwambie mtu aliye karibu nawe leo leo, usisubiri wiki mbili.

Haya mambo ya kukaa na pumzi hayapingani na dini?

Dini ipi inakataza kupumua? Jon Kabat-Zinn, mtafiti wa Marekani, alipoanzisha mafunzo yake ya kukaa na pumzi mwaka 1979, ni kweli alichota kwenye tafakuri ya Kibudha, lakini yalikuwa ya hospitali, na wengi wa wale wagonjwa walikuwa na maumivu sugu ambayo dawa zimeyashindwa. Mazoezi yenyewe ni kuangalia kinachotokea bila kukikimbia. Ukitaka kusali, sali, hakuna aliyekushika.

Mume wangu ananitukana kila siku, mara mbili kashanipiga. Nimesoma kwamba nijifunze kuwa na utulivu. Nianzie wapi?

Mama, hapana. Hapo mwili wako haujakosea hata kidogo, huyo simba yupo kweli. Pumzi itumie kwa kazi moja tu, kukupa kichwa kizuri cha kupanga: nani unamwamini, utalala wapi wewe na watoto, vyeti na hela vikae wapi asipopajua, utamwambia nani siku gani. Usimtangazie kwamba unaondoka. Na anayekuambia "vumilia, kaa na hisia zako" kwenye kipigo, hata akiwa anaongea kwa sauti ya upole, huyo anamtetea anayepiga. Hisia utakaa nazo ukiwa salama.

Kifua kinabana, jasho, mkono wa kushoto unauma. Ni stresi?

Hospitali. Sasa hivi, usimalize kusoma.

Dada, na wewe kweli unafanya haya unayotuambia?

Mara nyingi hapana. Juzi asubuhi mtoto kamwaga maji kwenye laptopu, nikafoka kabla hata kikombe hakijatulia chini. Pumzi nilikuja kuikumbuka baada ya dakika kumi hivi, nimejifungia bafuni, taya zinauma. Nikatoka nikamwomba radhi, akasema sawa akaendelea kuchora. Laptopu ndo haijasamehe, herufi N inagoma mpaka niibonyeze mara tatu, ndo maana mmesubiri majibu wiki nzima.