Barua kwa mwanangu: Dada wa bibi yake Kimongolia

Mwanangu Zainabu,

Marahaba. Huku Tanga sote wazima, mvua za vuli zimeanza, na mdogo wako amerudi chuoni. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikausoma tena asubuhi kabla ya chai. Umenieleza kwamba mlipelekwa kwenye jumba la makumbusho hapo Shenyang, ukasimama mbele ya jiwe la kaburini lililojaa maandishi yanayofanana na Kichina lakini si Kichina, na mwongozaji akawaambia kwamba mpaka leo hakuna anayeweza kuyasoma yote. Ukaniuliza: hawa Wakhitani walioliandika jiwe hilo walikuwa Wamongolia? Na watu wenye ufalme na maandishi yao wenyewe wanapotezaje lugha?

Nimefundisha historia miaka thelathini, na swali hilo la pili hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza. Ndiyo maana jibu limechelewa.

Nianze na la kwanza, ndilo jepesi. Wakhitani, watu waliotawala kaskazini mwa China miaka elfu moja iliyopita, hawakuwa Wamongolia, walikuwa ndugu zao. Kikhitani si bibi wa Kimongolia, ni dada wa bibi. Mama yao alikuwa mmoja, na aliondoka bila kuandikwa. Bibi akazaa, na wajukuu wake wako hai: Kimongolia chenyewe, Kiburyati kule Siberia, Kidauri kaskazini huko huko China uliko. Dada yake hakuacha mtoto. Upande huo wa ukoo mwanaisimu wa Finland, Juha Janhunen, ameupa jina la Para-Mongoliki, yaani lugha za kando ya Kimongolia.

Undugu wenyewe unauona kwenye hesabu. Tano kwa Kikhitani ni "tau", na Kimongolia cha kale kinasema "tabun". Mia ni "jau", wenzao "jaghun". Sungura ni "taulia", wenzao "taulai". Wewe ukimsikia Mganda akisema "ttaano" na Mkikuyu "ithano" huhitaji mwalimu wa kukuambia kwamba ni ndugu zako. Lakini toka kwenye hesabu na majina ya wanyama uingie kwenye sentensi nzima, na Mkikuyu anakuacha njiani. Ndivyo ilivyo kwa jiwe lako. Mmongolia wa leo akisimama mbele yake ataokota neno hapa na pale, basi.

Kuna neno moja nililipenda kuliko yote, nalo ni la mbwa. Historia ya dola lao, Liao, iliandikwa na wengine mwaka 1344, wao wakiwa wameshaanguka zaidi ya miaka 200. Waandishi wale waliweka nyuma ya kitabu orodha ya maneno ya Kikhitani, maana bila hiyo msomaji asingeelewa. Humo imo sikukuu ya tarehe nane ya mwezi wa nane: mfalme alichinja mbwa mweupe, mbwa akazikwa hatua saba mbele ya hema la kulala, mdomo ukiachwa nje ya udongo. Siku ya saba hema lilihamishwa na kusimamishwa juu ya kichwa kile. Sikukuu iliitwa "nihe nai", na kitabu kinafafanua: "nihe" ni mbwa, "nai" ni kichwa. Mmongolia anamwita mbwa "nokhoi". Nimekaa na habari hiyo siku kadhaa, mwanangu. Kundi zima la watu limepita, sherehe zao zimepita, na mbwa yule bado anaitika jina.

Sasa maandishi. Mwanzilishi wa dola, Abaoji, alijitangaza mfalme mkuu mwaka 916, na mwaka 920 akatoa maandishi ya kwanza, yale makubwa, yaliyofuata mtindo wa Kichina. Ya pili, maandishi madogo, ndiyo yenye kisa. Walikuja wajumbe wa Wauiguri, watu wa jamii ya Kituruki kutoka magharibi, na hapo ikulu hapakuwa na anayejua lugha yao. Mke wa mfalme akasema mtumeni Diela, shemeji yangu ana akili. Diela akakaa na wageni siku ishirini, akajifunza kusema na kuandika kama wao, kisha akatunga maandishi ya Kikhitani yenye alama chache zinazotosha kwa kila kitu. Ukirudi pale kwenye jumba, angalia kama jiwe lako ni la aina hii: kila neno ni kifungu kimoja, alama zimepangwa mbili mbili kutoka juu kwenda chini, na nyingi ni za sauti. Mtu aliyebuni hivyo alikuwa ameisikiliza lugha yake kwelikweli.

Basi unaona kwamba walikuwa na kila kitu: kiti cha enzi, jeshi, waandishi, mawe ya makaburi. Nami niliposoma nikatarajia kukuta siku ambayo mshindi alichoma vitabu. Sikuikuta. Wajurcheni, watu wa kaskazini-mashariki waliokuwa chini yao, waliwaangusha mwaka 1125, lakini maandishi ya Kikhitani waliyaacha yaendelee kutumika serikalini, hata vitabu vya Kichina vilipitishwa kwanza kwenye Kikhitani ndipo viingie Kijurcheni. Yalifutwa mwaka 1191, miaka 66 baada ya dola kuanguka. Jamaa mmoja wa ukoo wa kifalme, Yelü Dashi, alikuwa ameshakwenda magharibi na wafuasi wake, akajenga dola jipya ambalo makao yake yalikuwa Balasagun, nchi ya Kirigizi ya leo, na mwaka 1141 akamshinda Sultani Sanjar wa Waseljuki karibu na Samarkand. Hilo nalo Wamongolia walilimaliza mwaka 1218.

Kisha inakuja amri ya mwaka 1284, wakati wa Kublai Khan, mfalme wa Kimongolia aliyeitawala China. Wakhitani waliozaliwa kaskazini-magharibi na wasiojua Kichina wahesabiwe kama Wamongolia. Isome pole pole. Hakuna aliyekatazwa kusema Kikhitani. Ila mtoto wa Kikhitani akitaka cheo, anapimwa kwa Kichina anachokijua au asichokijua, na lugha ya mama yake haiulizwi popote.

Wenzao wa zamani zaidi, Washianbei, ambao wataalamu wengi wanawaweka upande huo huo wa ukoo, walikatwa ulimi na mfalme wao wenyewe. Mfalme Xiaowen wa Wei ya Kaskazini, dola la Washianbei huko China, alihamishia mji mkuu Luoyang mwaka 494, na mwaka uliofuata akaamuru kwamba afisa aliye chini ya miaka 30 asithubutu kusema lugha ya kaskazini barazani. Waliovuka umri huo aliwavumilia, kwa kuwa ulimi wa mtu mzima haugeuki haraka. Mwaka 496 akabadilisha na jina la ukoo, kutoka Tuoba kuwa Yuan. Vitabu vya Kishianbei vilikuwapo, na hakuna hata kimoja kilichobaki.

Hapo kwenye miaka 30 nilifunga kitabu. Nilipokuwa na miaka tisa nilivalishwa kibao shingoni kwa sababu nilimwita mwenzangu kwa Kibondei, lugha yetu ya nyumbani, kwenye uwanja wa shule. Bibi yako, aliyekuja kunichukua, hakuna aliyemwambia neno. Aliachwa aseme Kibondei chake mpaka nyumbani. Mimi ndiye niliyemjibu kwa Kiswahili njia nzima, na nimekuwa nikijibu kwa Kiswahili tangu siku hiyo.

Nikupe mtu mmoja wa mwisho. Yelü Chucai alizaliwa mwaka 1190 katika mji ambao leo ni Beijing, damu ya wafalme wa Liao, lakini amelelewa kwa Kichina na maandishi ya mababu hayajui. Genghis Khan alimwita, akamchukua kwenye safari ya vita ya magharibi. Huko mbali na kwao akakutana na Li Shichang, aliyekuwa mtu wa cheo katika dola la Dashi lililokwisha kuvunjika, na mzee huyo alikuwa bado anayajua maandishi. Chucai akakaa naye mwaka mmoja, akajifunza. Halafu akatafsiri kwa Kichina shairi refu la mtawa wa Kibudha wa zama za Liao. Shairi la Kikhitani limepotea. Tafsiri ipo, na ndani yake ameandika alijifunza kwa nani na kwa muda gani.

Wanaoendelea kutafuta hawajakata tamaa. Mwaka 2010 Mrusi Viacheslav Zaytsev alitambua kwamba kitabu cha mkono kilichokuwa kwenye hifadhi ya St Petersburg tangu miaka ya 1950, kikiwa kimetoka Kirigizi, ni cha maandishi makubwa ya Kikhitani. Na jina lao halijawahi kulala: Warusi mpaka leo wanaiita China "Kitai", kwa ajili yao.

Umeniuliza pia, mwishoni, kama najuta kutokukufundisha Kibondei. Ndiyo, najuta. Bibi mdogo wa Muheza bado anakisema chote, na mambo ya zamani anayakumbuka kuliko sisi sote. Nimemwambia kwamba utampigia Jumapili baada ya adhuhuri ya huku. Simu anapokea mwenyewe, ila zungumza kwa sauti, na umwache amalize salamu zake ndipo uulize.

Mama yako