Sanduku la Wasomaji: Kuandika Programu kwa Ajili ya Watafiti

SWALI: Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na nimezoea kutengeneza tovuti na programu za simu. Taasisi moja ya utafiti wa afya inatafuta mwandishi wa programu za utafiti. Kazi hii ina tofauti gani na ninayoijua? — Msomaji, Morogoro

Programu ya simu ikiharibika, mteja analalamika siku hiyohiyo. Programu ya utafiti ikikosea, hutoa namba kama kawaida. Namba inaingia kwenye jedwali, jedwali linaingia kwenye makala, na hakuna anayepiga kelele, kwa sababu jibu sahihi halikujulikana tangu mwanzo. Ndilo lililokuwa likitafutwa. Programu inayogoma katikati ya kazi inakusaidia. Ya kuogopa ni ile inayomaliza vizuri na kukosea kimyakimya.

Mfano unaojulikana sana ni makala ya 2010 ya wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa lahajedwali lenyewe (faili la Excel) akakuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49, hivyo nchi 5 zikaachwa nje. Yeye na walimu wake waliporekebisha hilo, pamoja na miaka iliyoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito, wastani wa ukuaji kwa nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa ulitoka asilimia -0.1 ukawa 2.2. Hesabu yenyewe ilikuwa wastani tu, jambo la darasa la saba.

Kwa hiyo katika kazi hii hupimwi kwa wepesi wa programu wala uzuri wa sura yake. Unapimwa kwa jambo moja: mtu mwingine akichukua faili ghafi na msimbo wako (maagizo ya programu uliyoandika), bila kukupigia simu, apate namba zilezile. Jiandae pia kwamba sehemu kubwa ya wiki utaitumia kusafisha data, na hesabu za kitakwimu zenyewe huenda zikachukua mchana mmoja.

SWALI: Nina miezi 3 kazini kwenye utafiti wa kaya. Wiki iliyopita programu yangu ilitoa watu 4,790, leo imetoa 4,812, na sijagusa msimbo. Nianzie wapi kutafuta? — Msomaji, Kilifi

Anza na faili, kabla ya msimbo. "Sijagusa" ni neno linalohitaji ushahidi. Kila faili ghafi linapoingia, lipigie alama ya utambulisho: kwenye Linux ni amri ya sha256sum, kwenye Windows ni certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na SHA256. Andika alama hiyo kwenye daftari la mradi. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama yote inabadilika. Kisha folda ya data ghafi iwe ya kusomwa tu, asiweze mtu kuhifadhi chochote humo, wewe ukiwemo. Mara nyingi utakuta mwenzako alifungua faili kwa Excel "kuangalia tu", akabonyeza hifadhi. Namba ya kaya 00417 ikawa 417, namba ya simu ikapoteza sifuri yake ya mbele, na kitambulisho kama 3-12 kikageuka tarehe. Wanabiolojia walisumbuliwa na jambo hilo muda mrefu, maana Excel iliigeuza jeni ya SEPT2 kuwa tarehe 2 Septemba. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri: jeni ikapewa jina jipya, SEPTIN2.

Kisha nenda kwenye maunganisho. Idadi iliyoongezeka, kama hii yako ya watu 22, kwa kawaida ni dalili ya kitambulisho kilichojirudia: kaya mbili zimepewa namba moja, na unapounganisha faili la kaya na la watu kila mtu wa kaya hizo anaingia mara mbili. Idadi ikipungua, kuna mistari iliyokosa mwenzake ikatupwa. Kabla ya kila unganisho, thibitisha kwa msimbo kwamba kitambulisho hakijirudii kwenye faili linalotakiwa kuwa na mstari mmoja kwa kila kaya. Baada ya unganisho, chapisha idadi tatu: waliopatana, waliobaki kushoto (faili la kwanza), waliobaki kulia (la pili). Kama unatumia Stata, programu ya takwimu, na umeandika merge m:m (kuunganisha wengi kwa wengi), futa. Mwongozo wa Stata wenyewe unaonya dhidi yake.

Bado haijaonekana? Angalia mpangilio. Stata ikipanga mistari yenye thamani zinazolingana, haiahidi mpangilio uleule kila mara usipoongeza neno stable. Ukipanga kwa namba ya mtu kisha ukabakisha rekodi ya kwanza, leo unaweza kubakisha ziara ya Machi, kesho ya Julai. Ukichuja kwa umri baada ya hapo, idadi inabadilika. Panga kwa safu za kutosha hadi pasiwe na sare. Lugha ya Python nayo haina dhamana: orodha ya mafaili inayotolewa na amri ya glob hufuata mpangilio wa mfumo wa kompyuta. Mwaka 2019 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Hawaii walionyesha programu moja iliyotumiwa sana na wenzao ikitoa majibu tofauti kwenye Mac, Windows na Linux kwa sababu hiyo tu. Dawa yake ni neno moja: sorted.

Ukishapata watu 22 wako, kagua na makosa yasiyobadilisha idadi. Haya ya kwetu hayamo kwenye vitabu vya kigeni.

La kwanza ni saa. Fomu ya simu inataka 20:00, mama anasema mtoto alizaliwa saa 2 usiku, mdodosaji anaandika 02:00. Tuseme mtoto huyo alifariki kesho yake saa 4 asubuhi, na kituo kikaandika 10:00 ipasavyo. Aliishi saa 14, lakini data inasema 32, na ametoka kwenye kundi la vifo vya siku ya kwanza. Chora chati ya saa za kuzaliwa kwa kila mdodosaji. Anayetumia saa za Kiswahili ataonekana mara moja, kwa kuwa hatakuwa na mtoto hata mmoja baada ya 12:59. Na kwenye fomu ijayo, acha mdodosaji aandike saa kama alivyoambiwa pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kugeuza iwe kazi ya programu. (Hata "usiku wa Jumatatu" una utata: kwa wengine ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Uliza tarehe.)

La pili ni mipaka. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilikuwa mikoa mipya mwaka 2012, na Songwe ilitoka Mbeya mwaka 2016. Sensa ya 2012 ina mikoa 30, ya 2022 ina 31. Ukiunganisha kwa jina la mkoa, Mbeya ya leo si Mbeya ya jana, na programu haitakwambia. Huko kwenu Kenya mikoa 8 iliacha nafasi kwa kaunti 47 mwaka 2013. Tengeneza jedwali la ubadilishaji kwa ngazi ya wilaya, lenye mwaka wa kuanza na wa kuisha wa kila eneo.

La tatu ni thamani zinazokosekana. Dodoso lina 99 kwa "hajui" na 98 kwa "amekataa". Zisipobadilishwa, bibi asiyejua umri wake anakuwa na miaka 99. Zikishabadilishwa kuwa tupu, Stata huihesabu nafasi tupu kuwa kubwa kuliko namba yoyote, hivyo "umri > 60" inawazoa wote wasiojulikana umri. Ongeza sharti la kuwaondoa kila mara.

Majina ya watu usiyategemee kamwe kuunganishia. Rashid, Rashidi na Rashidy anaweza kuwa mtu mmoja, au watatu.

SWALI: Nijifunze R, Python au Stata? — Msomaji, Mwanza

Uliza taasisi unayoitaka inatumia nini, ujifunze hiyo. Stata imeenea kwenye uchumi na afya ya jamii, lakini leseni yake ni ya kulipia. R na Python ni bure. Kwa takwimu na chati, R. Kwa picha, maandishi na kuunganisha mifumo, Python. Ukienda kwenye vinasaba, jifunze kwanza amri za Linux. Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo, haina mjadala: wiki mbili za mazoezi zinatosha kwa mambo unayoyahitaji kila siku. Ukiona folda yenye uchambuzi_mwisho, uchambuzi_mwisho2 na uchambuzi_mwisho_KABISA, ujue hapo Git haijafika.

SWALI: Kompyuta yangu ina GB 8 za kumbukumbu na huku umeme unakatika. Je, kazi inawezekana? — Msomaji, Bukavu

Inawezekana, kwa hesabu. Namba moja kwa kawaida huchukua baiti 8. Mistari milioni 10 kwa safu 20 ni GB 1.6, na programu hunakili data inapofanya kazi, hivyo tenga mara mbili au tatu ya hapo. Soma safu unazozihitaji tu. Kazi ya saa nyingi igawe vipande, kila kipande kihifadhi tokeo lake kwenye faili lake, na programu ikianza upya iruke vipande vilivyokwisha. Programu inapochagua kwa bahati nasibu weka namba ya kuanzia, kwa mfano set.seed kwenye R, na kila kipande kiwe na yake. La sivyo umeme ukikatika utapata majibu mengine.

SWALI: Mkuu wa mradi ameniagiza niondoe watu 6 "wanaoharibu matokeo". Nifanyeje bila kugombana? — Msomaji, Dodoma

Usibishane kuhusu matokeo, uliza kuhusu vipimo. "Mheshimiwa daktari, watu hawa kipimo chao kina kosa gani?" Mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 71 ni kosa la nukta, ilikuwa 7.1, rudi kwenye fomu uthibitishe. Mtu mwenye kipimo cha kweli lakini cha ajabu anabaki. Kama mkuu anasisitiza, andika kanuni badala ya majina, kwa mfano "uzito zaidi ya kiasi fulani kwa umri fulani", uitumie kwa kila mtu kwenye data, na utoe majedwali mawili: lenye watu hao na lisilo nao. Kila aliyeondolewa awe na mstari wenye sababu na tarehe. Usifute kwa mkono ndani ya faili hata ukiamriwa. Agizo la mdomo lijibu kwa barua pepe fupi ya heshima inayorudia ulichoelewa.

SWALI: Wenzangu ughaibuni wameomba data zetu zote, pamoja na GPS za nyumba. Nitume? — Msomaji, Zanzibar

Si uamuzi wako peke yako. Kuna kibali cha maadili, ridhaa waliyosaini wahojiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 (kwa wasomaji wa Kenya, sheria ya 2019). Kuondoa majina hakutoshi. Mjane wa miaka 91 katika kijiji chenye kaya 60 anajulikana bila jina. Kwa GPS, tazama wanavyofanya watu wa DHS, ule utafiti mkubwa wa afya ya kaya: hutoa nukta ya eneo zima badala ya nyumba, kisha huisogeza kiholela hadi kilomita 2 mjini na hadi 5 vijijini, na asilimia 1 ya maeneo ya vijijini hadi kilomita 10. Wakihitaji umbali wa kwenda hospitali, ukokotoe wewe uwatumie umbali.

SWALI: Mkataba wangu unaisha mradi unapoisha, na kwenye makala nimeshukuriwa tu. Kazi hii ina mustakabali? — Msomaji, Nairobi

Malalamiko haya si yako peke yako. Huko Uingereza mwaka 2012 watu wa kazi hii walikutana wakaona hawana hata cheo. Wakajiita wahandisi wa programu za utafiti, na mwaka 2019 wakawa na chama rasmi. Kwetu bado utaitwa meneja wa data, mchambuzi au msaidizi wa utafiti, na mshahara hufuata cheo, kwa hiyo jadili cheo kabla ya kusaini.

Jina kwenye makala nalo hudaiwa mapema, mradi unapoanza. Majarida mengi hutumia orodha ya CRediT yenye aina 14 za mchango. Kuandaa data na kuandika programu zimo, ni mchango kamili. Msimbo usio na data za watu uweke Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti, upate DOI (namba ya kudumu ya kuurejelea), uingize kwenye wasifu wako pamoja na namba yako ya ORCID, inayomtambulisha kila mtafiti. Na katika pendekezo la fedha linalofuata, omba uandikwe kwa asilimia ya muda, mathalani 40 kwenye mradi huu na 60 kwenye ule. Mwenye miradi miwili inayoisha miezi tofauti hulala usingizi kuliko mwenye mmoja.

Ukienda kwenye usaili, peleka folda moja: data ya wazi, maelezo ya ukurasa mmoja, na amri moja inayotoa jedwali kutoka mwanzo hadi mwisho. Ijaribu kwanza kwenye kompyuta ya rafiki. Itagoma mara ya kwanza, kwa kawaida kwa sababu umeandika njia ya faili inayoanzia C:\Users na jina lako.