Maswali ya Wasomaji: Ndondi Irudi Mtaani

Barua za mwezi huu, nyingi kutoka Malindi na moja kutoka Lamu, zinauliza jambo moja kwa midomo mbalimbali: ndondi itapendwa tena vipi? Tumejibu sita. Penye kazi ya mkono tumekaa kitako, penye neno moja tumesema neno moja.

Hapa Maweni wazee wakikaa barazani huwataja mabondia wa zamani kama sisi tunavyowataja washambuliaji wa Arsenal. Vijana hawamjui hata mmoja. Je, mabingwa wameisha? (Msomaji, Maweni)

Mabingwa hawajaisha, kilichoisha ni kuonekana. Mwaka 1987, Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi, timu ya ndondi ya Kenya ilibeba dhahabu 8 kati ya 12. Mwaka uliofuata Robert Wangila akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul na Chris Sande akaja na shaba. Kabla yao Philip Waruinge alikuwa na shaba ya 1968 na fedha ya 1972. Ila mapenzi ya watu hayakuanzia kwenye medali. Vilabu vya Polisi, Magereza na Jeshi vilikuwa vikikutana mara kwa mara, na shabiki alishajua nani ana kushoto nzito, nani huchoka raundi ya tatu, nani ana deni la kulipa. Medali ilimkuta mtu ambaye tayari ana mashabiki wake.

Kisha dunia nzima ikaifungia ndondi ndani. Pambano la Mayweather na Pacquiao la Mei 2015 liliuzwa Marekani kwa karibu dola 100 kila nyumba. Waandaaji walivuna, lakini mtoto ambaye baba yake hakulipa hakuona kitu, na mtoto huyo leo ni mtu mzima anayetazama mpira. Sisi tuna pia taabu ya saa: pambano kubwa la Las Vegas la Jumamosi usiku hutufikia Jumapili asubuhi, watu wakiwa sokoni au kanisani. Riyadh saa yake ni sawa na yetu, lakini Fury na Usyk, mabondia wa uzito wa juu, walipokutana huko Mei 2024 waliingia ulingoni saa sita usiku imeshapita, ili wa Uingereza na Marekani watazame kwa raha zao. Tena kuna mikanda minne ya ubingwa wa dunia, ya mashirika ya WBA, WBC, IBF na WBO, katika madaraja 17 ya uzani. Hivyo ni viti 68 vya ubingwa, na hatujagusa ile mikanda ya muda. Nani atakariri?

Watazameni majirani. Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham, Septemba 2018, Tanzania nzima ilimjua. Lakini ushindi mmoja husahaulika. Kilichosaidia ni kwamba Azam TV huonyesha ngumi za nyumbani moja kwa moja, kwa hiyo anayemfuata Mwakinyo naye ana mahali pa kuonekana.

Klabu yetu iko Barani. Tuna vijana 20, nusu yao wa miaka 15 na 16. Tunataka kuandaa mapambano ya ridhaa hapa Malindi, watu waje na wapende kurudi. Tuanzie wapi? (Kocha, Barani)

Anza na saa, kaka, kabla ya bango. Kinachowafukuza watu kwenye ndondi zetu si ngumi mbaya, ni kungoja. Bango linasema saa nane, ulingo ndio kwanza unaundwa saa tisa, mgeni rasmi anatokea saa kumi na moja, na pambano lenyewe linapigwa saa nne usiku waliobaki wakiwa ni ndugu wa mabondia.

Piga hesabu. Vijana wa miaka 15 na 16 hupigana raundi tatu za dakika mbili. Ukitia mapumziko mawili ya dakika moja, ni dakika 8. Wakubwa ni raundi tatu za dakika tatu, yaani dakika 11. Mapambano matano ya wadogo na matatu ya wakubwa yanakula dakika 73. Weka dakika nne kila pambano za kuingia, kutangaza na kutoka, hizo ni 32. Jumla 105. Kengele ya kwanza ikilia saa kumi na robo, watu wakishaswali Alasiri, saa kumi na mbili kamili mmemaliza, Magharibi haijaadhiniwa na hamkuwasha jenereta. Mapambano manane yasizidi. La tisa, lile la kumridhisha mdhamini, ndilo huharibu yote. Na msishindane na mpira: Jumamosi jioni vibanda vya Ligi Kuu ya Uingereza hujaa. Ijumaa au siku ya mapumziko ya taifa itawafaa zaidi.

Kwa kuwa mtapigana mchana, jua litakuwa magharibi na litashuka. Anayekaa upande wa mashariki analitazama usoni. Kwa hiyo wekeni majaji watatu kwenye pande tatu nyingine, na upande wa magharibi mtundike turubai refu nyuma ya watazamaji. Jaji aliyekunja jicho hahesabu makonde, anahesabu kelele za watu.

Ulingo wenyewe ni mita 6.10 ndani ya kamba, juu ya jukwaa la mita 7.80 kila upande lililoinuka mita moja. Kamba ni nne, kwa kimo cha sentimita 40, 70, 100 na 130, na kila upande zinashikwa pamoja na vipande viwili vya kitambaa kigumu visimamavyo wima, ili bondia asichomoke katikati yake. Ulingo wa kukodi ukifika, vua viatu utembee juu ya turubai lote. Nyayo zitakuambia pale mbao mbili hazilingani, na hapo ndipo kifundo cha mguu kitakapoteguka. Kisha egemea kila kamba kwa mgongo. Ikikuachia mpaka kichwa kikatoka nje ya jukwaa, haijakazwa. Mara nyingi kosa liko kwenye skrubu za kukazia kamba zilizo pembeni: chumvi ya bahari huzila, moja ikakwama, na upande mzima ukalegea. Zipake grisi wiki moja kabla, na siku ya mchezo zifunikwe kwa mito. Chini ya turubai panatakiwa felti ya sentimita 1.5 hadi 2. Wako wanaotandika magodoro wakidhani wanafanya wema, lakini mguu unazama, mwili unazunguka, na goti linabaki nyuma.

Daktari awe amekaa kando ya ulingo kabla ya kengele ya kwanza, na njia ya gari la wagonjwa iwe wazi mpaka barabarani. Boda zikiegeshwa hapo ziondolewe. Gari likiondoka na mgonjwa, mapambano yasimame mpaka lirudi au lije jingine. Hili halina mjadala.

Sasa kuoanisha mabondia, ambako ndiko roho ya shughuli yote. Pimeni uzani asubuhi ileile kwa mizani moja kwa wote. Tofauti isizidi kilo mbili, umri usipishane zaidi ya mwaka mmoja kwa wadogo, na mwenye mapambano 10 asipewe anayeanza. Kumwangusha mtu katika sekunde ya 20 kunapendeza mara moja. Mara ya pili watu wanajua mmeleta wa kupigwa. Raundi tatu za kukabana koo, mshindi asijulikane mpaka mwisho, ndizo zinazobishaniwa barazani wiki nzima, na hakuna tangazo la redio linaloshinda ubishi wa barazani.

Mtangazaji aseme kwa Kiswahili bondia anatoka mtaa gani, Shela au Muyeye au Maweni, amepigana mara ngapi, na kama amewahi kukutana na huyu. Aeleze mara moja kwamba anayeshinda raundi hupewa 10 na mwenzake kwa kawaida 9. Kisha kila raundi ikiisha mwandike alama kwenye ubao mkubwa. Mgeni wa ndondi hukasirishwa na uamuzi asioufahamu. Akiona hesabu inavyokwenda, atabisha, lakini hatasema ameibiwa.

Rekodini kwa simu moja iliyofungwa juu ya nguzo, mita mbili na nusu hivi, ikiwa imelala kwa upana. Anayezunguka na simu mkononi hurekodi mgongo wa refa. Asubuhi yake kila bondia apate kipande cha dakika moja chenye jina lake na la mpinzani. Atakisambaza yeye, mama yake na darasa lake. Na kabla watu hawajatawanyika, tangazeni tarehe ya mapambano yajayo, wiki sita au nane mbele, mkiwa na angalau pambano moja la marudiano. Tarehe hiyo msiisogeze hata mgeni rasmi akikosekana. Mgeni rasmi ndiye wa kwanza kuachwa.

Mwanangu ana miaka 14 na ameng'ang'ania ndondi. Naogopa kichwa chake. Nimkataze? (Mama, Muyeye)

Hofu yako ina msingi, mama, na kocha anayeicheka usimwachie mtoto. Mwulize maswali haya. Je, miezi mitatu ya mwanzo anafundisha miguu, kujikinga na kupiga begi tu, bila kupigana? Baada ya hapo, je, mazoezi ya wawili wawili ni kwa glavu kubwa za aunsi 14 au 16, na mwanzoni makonde ni ya mwilini peke yake? Mtoto aliyeangushwa hupumzishwa siku ngapi? Jibu la mwisho lisipungue siku 30 bila kuguswa kichwa. Akisema "tunamwangalia tu", ondoka naye.

Kofia ya kichwani isikutulize sana. Inapunguza mipasuko ya ngozi, lakini ubongo unatikisika ndani ya fuvu vilevile. Wanaume wa Olimpiki wanapigana bila kofia hiyo tangu Rio 2016. Kwa mtoto ivaliwe, ila isiwe ruhusa ya kupigwa zaidi. Kinga ya meno ni lazima, na iwe yake mwenyewe.

Akirudi nyumbani kichwa kinamuuma na kinazidi, anatapika, ana usingizi usio wa kawaida, maneno yanamchanganya au mboni za macho hazilingani, mpeleke hospitali usiku huohuo. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu huzidisha hatari ya damu kuvuja. Na ukimwona anakimbia ufukweni na koti la nailoni ili apunguze kilo, mzuie. Kwa joto na unyevu wa Malindi jasho halikauki, mwili unachemka, na ubongo uliokaukiwa maji hustahimili konde vibaya zaidi. Apigane kwa uzani alio nao.

Mimi ni msichana wa Lamu na navaa hijabu. Kuna nafasi kwangu katika mchezo huu? (Msomaji, Langoni)

Ipo, dada. Ndondi ya wanawake iliingia Olimpiki London 2012, na mwaka 2019 shirikisho la kimataifa la ndondi za ridhaa liliruhusu hijabu na mavazi ya kufunika mwili mzima. Fatuma Zarika wa Kenya alitwaa mkanda wa WBC mwaka 2016. Mtandio uwe wa kitambaa kinachovutika, uliokatwa na kushonwa kubana kichwa na shingo. Usitumie pini hata moja, maana konde moja linaizamisha.

Kwa mji wa Lamu, mazoezi ya dari au uani yanatosha, glavu mbili na kamba ya kuruka. Kuonyesha hadharani ni kazi nyingine: kuvusha ulingo mzima kwa mashua kutoka Mokowe ni gharama, na kupigana kweli juu ya sakafu ya mawe ni hatari, kwa kuwa kisogo kikigonga chini kinaweza kuua. Fanyeni maonyesho ya ufundi bila kupigana, juu ya mikeka ya mazoezi. Hadhira mnayo. Watu wa Lamu wanajua tangu zamani kusimama duara kwenye kirumbizi, kutazama fimbo inavyokingwa na nani kazidiwa. Jicho hilo ndilo jicho la ndondi.

Ndondi imefukuzwa Olimpiki? (Msomaji, Ngala)

Ilikaribia. IBA, lile shirikisho la kimataifa la ndondi za ridhaa, lilinyang'anywa utambuzi na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2023. Shirikisho jipya, World Boxing, likapewa utambuzi wa muda Februari 2025, na mwezi uliofuata ndondi ikaingizwa rasmi kwenye ratiba ya Los Angeles 2028.

Begi letu tumelijaza mchanga. Vijana wawili wameumia vifundo vya mikono. Tumekosea wapi? (Msomaji, Mtangani)

Ni mchanga huohuo. Hushuka chini siku baada ya siku mpaka theluthi ya chini inakuwa jiwe na juu panabaki laini. Kijana anapiga juu kwa raha, anashusha konde la mbavu, na kifundo kinapinda.

Mwageni wote. Kateni matambara na nguo kuukuu, mkitoa vifungo na zipu. Tandazeni kwenye begi tabaka la sentimita 20, shindilieni kwa mchi, kisha tabaka jingine. Uzito uwe karibu nusu ya uzito wa bondia: kilo 30 kwa mtu wa 60. Mkipungukiwa, tieni mchanga kilo mbili mbili kwenye vifuko viwili au vitatu vilivyofungwa barabara, mvipange katikati kwa vimo tofauti, kila kimoja kizungukwe na sentimita 10 za matambara. Ning'inizeni kwa kamba ya nailoni ya mashua badala ya mnyororo, ambao pwani hii huliwa na kutu. Ncha ya chini ifike usawa wa kiuno.

Na mikono ifungwe bendeji ya mita nne hivi kabla ya glavu: vidole vikiwa vimetanuliwa, mizunguko mitatu ya kifundo, mitatu ya konzi, kupita katikati ya vidole, kisha kurudi kifundoni. Vidole vikifa ganzi imebana mno, fungueni muanze tena. Baada ya miezi miwili begi litakuwa limejikandamiza chini. Lishusheni, mtoe matambara, mlishindilie upya.