Chemshabongo ya kwenye simu na maneno yanayochanganya

Shikamoo mama. Nimekuelewa: umezoea chemshabongo ya gazetini na penseli, sasa mjukuu kakuwekea ya kwenye simu. Ukiandika "dhana" simu inabadilisha, na mwenyewe dhana na zana zinakuchanganya.

Simu kwanza. Fungua mipangilio, tafuta lugha na kibodi, ongeza Kiswahili, kisha zima usahihishaji wa kiotomatiki. Maandishi madogo yakuze humohumo, sehemu ya skrini.

Dhana ni wazo, zana ni kifaa. Hapo hesabu visanduku tu: dhana vitano (dh hula viwili), zana vinne. Balaa ni karamu na kalamu, maana urefu ni uleule, na sikio halisaidii kwa sisi tunaochanganya r na l. Usijaze herufi ya tatu mpaka neno linalokatiza likupe. Dhamana na thamani nazo zinalingana, ila herufi ya kwanza au ya mwisho itakuamulia.

Programu ikiomba namba ya siri ya pesa za simu, ifute hapohapo. Na macho yakiendelea kuuma au kuona ukungu, usilaumu simu tu. Uko Moshi, nenda kliniki ya macho pale hospitali ya KCMC wakupime.