Kuhamishia lugha ya programu kwenye RISC-V: amri ziache baadaye

Ukipewa kazi ya kuhamishia lugha kwenye prosesa mpya, kama zile za RISC-V (seti huria ya amri za prosesa), kishawishi cha kwanza ni kufungua orodha ya amri na kuanza kuandika kitoa-msimbo, yaani sehemu ya kompaila inayotoa amri za prosesa. Subiri kwanza. Amri ndiyo sehemu nyepesi: kila moja unaweza kuijaribu peke yake na kuona jibu. Kinachokula muda ni makubaliano yasiyoonekana, kama vile nani anatunza rejista ipi (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) na uzi mmoja wa programu unaona lini kilichoandikwa na mwingine.

Kwa RISC-V ya biti 64 kwenye Linux, anza na utaratibu wa kuita funksheni. Hoja (thamani inazopewa funksheni) nane za kwanza za namba kamili huingia rejista a0 hadi a7, za desimali fa0 hadi fa7; rejista hizo zikijaa zote, zinazozidi huenda kwenye steki. Rejista s0 hadi s11 zirudi kama zilivyokuwa, na sp (rejista inayoonyesha kilele cha steki) igawanyike kwa 16 kila unapoita. Kabla hujaigusa kompaila, andika kwa mkono asembli fupi inayoita funksheni ya C yenye hoja kumi na mbili za namba kamili na tatu za desimali, kisha C izichapishe zote.

Humo tia namba ya biti 32 isiyo na alama (isiyoweza kuwa hasi), 0xFFFFFFFF. Kwa RISC-V, biti ya 31 hunakiliwa kwenye biti zote za juu hata kama aina haina alama, kwa hiyo rejista nzima inatakiwa ijae moja. Kompaila iliyozoea x86-64, ambako kuandika nusu ya chini husafisha nusu ya juu, itaacha sufuri huko juu. Upande wa C utalinganisha namba mbili zilizo sawa na kuambiwa hazifanani. Kosa hili linachosha, maana ukiichapisha namba yenyewe inaonekana sahihi kabisa.

Mtego mwingine uko kwenye kupakia namba kubwa. Amri ya kujumlisha, addi, inabeba biti 12 zenye alama, yaani -2048 hadi 2047; biti 20 za juu huwekwa na lui. Kupata 0x12345FFF usiandike lui 0x12345 kisha addi 0xFFF, kwa sababu hizo biti 12 za chini husomwa kama -1. Sahihi ni lui 0x12346 kisha addi -1. Majaribio yenye namba ndogo tu hayatalifichua hili kamwe. Vivyo hivyo matawi yenye sharti: yanafika KiB 4 tu mbele au nyuma, kwa hiyo kwenye funksheni ndefu geuza sharti na urukie kwa jal, amri ya kuruka bila sharti inayofika MiB 1.

Kugawa kwa sufuri hakusimamishi programu. x86 hurusha hitilafu, ARM64 hutoa 0, RISC-V hutoa -1 na baki inakuwa ile namba iliyokuwa inagawanywa. Kama lugha yako imeahidi kosa hapo, ukaguzi uandike mwenyewe. Na char ya C (aina ya herufi) haina alama huku. Msimbo wa zamani unaolinganisha char na -1 utazunguka bila mwisho.

Majaribio ya kila siku yafanyie kwenye QEMU, programu inayoiga prosesa, ukiunganisha kitafuta-hitilafu gdb-multiarch. Usiiamini QEMU kwa mambo ya nyuzi, hasa ikiwa inaendeshwa juu ya x86: mpangilio wa kumbukumbu wa x86 ni mkali, na fence (amri inayolazimisha mpangilio wa kusoma na kuandika kumbukumbu) uliyoisahau kwenye kufuli au kwenye kizoataka (kinachorudisha kumbukumbu isiyotumika tena) haitajulikana mpaka ufike kwenye bodi halisi yenye viini kadhaa. Kwa JIT, yaani kompaila inayotoa msimbo programu ikiwa inaendelea, amri ya fence.i, inayokifanya kiini kione msimbo mpya, hufanya kazi kwenye kiini kilichoiendesha tu. Kwenye Linux pitia mwito wa kerneli, riscv_flush_icache.

Kompaila ikishajikompaili yenyewe kwenye mashine mpya, irudie: zao la pili likompaili la tatu, kisha linganisha mafaili hayo mawili baiti kwa baiti. Yakitofautiana, kabla ya kulaumu kitoa-msimbo tafuta kwanza orodha inayopangwa kwa anwani za kumbukumbu, au sehemu ya muundo ambayo haikupewa thamani ya mwanzo.