Barua kwa mwanangu: viungo vya jikoni na vidonge vya presha

Jinja, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nami namshukuru Mungu kwamba ulikwenda kupimwa mapema. Umeniuliza: maadamu daktari amekuambia presha imepanda, je, ukianza kupika kwa tangawizi, manjano na kitunguu saumu kama ninavyopika mimi, unaweza kuacha vidonge?

Hapana, mwanangu. Vidonge meza kama ulivyoandikiwa. Unamkumbuka mjomba wako. Aliacha dawa akawa anakunywa maji ya kitunguu saumu kila asubuhi, akajiona mzima kwa kuwa presha haiumi, mpaka siku ile mkono wake wa kulia uliposhindwa kuinua kikombe. Hadi leo anaburuza mguu. Sitaki kukuuguza na wewe.

Lakini usidhani viungo vyangu ni vya harufu tu. Kwa mtu wa presha, kazi yake kubwa ni kuziba nafasi ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Humo hesabu na mkate, na chipsi, na vile vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Wewe hapo Kampala unakula rolex ya barabarani, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, asubuhi na nyama choma jioni; kijiko chako kinaisha jua lingali juu.

Baba yako nilipompunguzia chumvi kwa ghafla, alisukuma sahani. Nikabadili njia. Maharage yakishaiva, nakaanga jira kwenye kikaango kikavu mpaka inukie, naitwanga, naitia mwishoni pamoja na giligilani, kisha nakamulia ndimu. Mchuzi wa karanga nautia pilipili manga na tangawizi mbichi, ile kali inayotoka Butambala. Chumvi nikaipunguza kidogo kidogo: robo kwanza, halafu nusu. Baada ya wiki kadhaa yeye mwenyewe akawa akienda kwa watu anarudi akilalamika kuwa chakula chao kina chumvi nyingi! Anza hivyo, na mwambie mke wako asikuwekee kopo la chumvi mezani.

Kitunguu saumu kiponde, kiache dakika 10, ndipo ukitie kwenye mafuta. Ile alisini, kemikali inayokipa nguvu, hutokea kikishapondwa, na moto ukikiwahi haipati nafasi. Watafiti wameona kinaweza kushusha presha kidogo, ila wengi wao waliwapa watu dozi zilizopimwa, kila siku, si punje mbili ndani ya sufuria ya familia. Na ukija kuandikiwa dawa ya kuzuia damu isigande, usikile kwa wingi kabla ya kumuuliza daktari.

Manjano mwili hauyapokei kwa urahisi. Pilipili manga na mafuta huyasaidia. Ndiyo sababu yale maji ya manjano matupu unayoambiwa unywe sina imani nayo. Tena nunua mizizi mizima, uikaushe na kuisaga mwenyewe. Bangladesh waligundua manjano ya unga yaliyotiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi ikikuvutia kupita kiasi, iache dukani.

Mdalasini mnene wa madukani tia kijiti kwenye chai, lakini usiule kwa vijiko: una kumarini, ambayo ikizidi huumiza ini.

Nimesikia pia mke wako anatapika na hii mimba changa. Hapo tangawizi nina imani nayo kabisa, imethibitika kutuliza kichefuchefu. Akate vipande vichache kwenye chai, anywe polepole, na kliniki awaeleze kwamba anaitumia. Akishindwa kushika hata maji tumboni, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kesho asubuhi nampa dereva wa taksi kifurushi: jira, giligilani na manjano niliyosaga jana. Weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko, yasiote ukungu. Na vipimo vyako vya presha viandike kwenye daftari. Jumapili nikikupigia, unisomee.

Mama yako