TV ya projekta ya nyuma: HD haina tofauti na DVD, uanzie wapi

Aliyeanzisha uzi ana TV ya projekta ya nyuma ya tyubu, inchi 51 (ndani kuna tyubu tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja na lenzi yake, zinazorusha picha kwenye skrini kutoka nyuma), ameiunganisha na king'amuzi cha HD, na analalamika kwamba picha haiipiti ile ya DVD, tena maandishi yana ukingo mwekundu. Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye.

Kabla hujashika bisibisi, fungua menyu ya TV yenyewe, siyo ya king'amuzi. Menyu hiyo inachorwa ndani ya TV, haipiti kwenye waya wowote wa nje. Herufi zikiwa safi huku vipindi vina ukungu, tatizo liko kwenye signali unayoilisha. Herufi nyeupe zikiwa na pindo jekundu upande huu na la bluu upande ule, TV ndiyo inayotaka kazi. Kwa maelezo yako, naona una yote mawili.

Anza na waya. Ule wa njano haupitishi HD hata king'amuzi kikuonyeshe alama ya HD kubwa namna gani, na S-video ni hivyo hivyo. Unahitaji nyaya tatu za picha, kijani, bluu na nyekundu, au DVI/HDMI kama TV inayo. Angalia usije ukachomeka nyekundu ya picha kwenye tundu jekundu la sauti. Hilo hutokea sana. Kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, toa 480i au 576i (ukali wa kawaida), weka 1080i (HD ya mistari 1080, inayochorwa nusu kwa nusu) moja kwa moja. Usiweke 720p (mistari 720, yote kwa mkupuo): kwa 60 Hz inahitaji mashine ikimbie 45 kHz, yaani ichore mistari 45,000 kwa sekunde, wakati 1080i inahitaji 33.75 tu, na TV nyingi za tyubu zimetengenezwa kwa hiyo ya pili. Ukiipa 720p huikataa au huibadilisha yenyewe, na unapoteza ukali njiani. Na chaneli ya kawaida itabaki ya kawaida, jaribu kwa chaneli ya HD kweli.

Sasa mipangilio ya picha. TV hizi zilitoka kiwandani kontrasti ikiwa juu kabisa ili zing'ae dukani. Mwali wa elektroni ndani ya tyubu ukiwa mkali hivyo, nukta inayochorwa kwenye tyubu inatanuka, na undani wa HD unafia hapo. Shusha kontrasti chini ya nusu. Ukali wa picha nao ushushe karibu na sifuri, kwa sababu hauongezi chochote zaidi ya mstari mweupe kuzunguka vitu. Kama kuna SVM kwenye menyu (inabadilisha kasi ya mwali ili kingo zionekane kali), izime.

Rangi zisizolala pamoja ni suala la konvajensi, yaani kuzipanga picha za tyubu tatu zilaliane. Washa TV iache ipate moto dakika 30 kwanza, la sivyo utapanga halafu ihame. Fungua gridi ya kurekebisha. Kijani ndicho kipimo, hukigusi. Sogeza nyekundu mpaka ilale juu ya kijani, kisha bluu, ukianzia katikati kwenda pembeni. Mistari ikiwa imepinda kama upinde na menyu haiwezi kuivuta, aisii (chipu) zinazoendesha konvajensi zimekufa. Kwenye TV nyingi ni STK392-110, mbili, kila moja ikiwa na njia tatu. Badilisha zote mbili kwa pamoja, paka grisi ya joto, na pima rezista za ohm chache zilizo karibu nazo, maana huungua pamoja. Jihadhari na aisii bandia, hazidumu. Na humo ndani kuna volti karibu 30,000. Kama hujui kutoa chaji ya tyubu, mwachie fundi.

Fokasi hurekebishwa kabla ya konvajensi, kwa sababu ukiizungusha lenzi rangi zitahama tena. Ziba lenzi mbili kwa kadibodi, rekebisha moja moja, ukianza na kijani kwa kuwa ndiyo inayobeba undani mwingi. Bluu ikiwa imelegea kidogo usihangaike nayo, mara nyingi ilitoka kiwandani hivyo makusudi ili ing'ae zaidi.

Bado kuna ukungu, na vitu vyeupe kwenye giza vina duara la mwanga? Zima TV, mulika tochi ndani ya lenzi. Kati ya tyubu na lenzi kuna kimiminika cha kupoza, mchanganyiko wa glikoli na gliserini, ambacho kwa miaka huchafuka na hata kuota kuvu. Kikiwa kimefifia, kinamwagwa, chumba kinaoshwa na kujazwa kipya. Kioo cha ndani nacho kina vumbi, lakini tabaka lake la kuakisi liko juu, halikulindwa na chochote: futa kwa kitambaa laini sana na maji yaliyochujwa kwa mvuke, bila kusugua.

Tyubu za inchi 7 hata zikiwa nzima hazitoi pikseli 1920 zote kwa upana. Ila tofauti na DVD inapaswa kuonekana, mradi unakaa mita 2 hivi kutoka kwenye skrini. Ukikaa mita 4, kwa inchi 51, macho yako hayataiona hata kila kitu kikiwa sawa.